Miaka 21 nyuma ya kiti: msusi mzoefu aelekee wapi?

Swali: "Shikamoo dada. Nina miaka 43, na miaka 21 nimeimaliza saluni: kusuka, kuweka dawa, rangi, wigi, kila kitu. Wateja ninao na tunapendana. Lakini bega la kulia linauma kiasi kwamba kunyanyua draya ni shida, usiku vidole vinakufa ganzi, na ngozi ya mikono inawasha na kupasuka. Mume wangu anasema nifungue saluni yangu niajiri wasichana. Rafiki yangu anasema nikafundishe. Mimi mwenyewe nawaza kuacha kabisa nisomee kitu kingine, ila naogopa kuanza sifuri kwa umri huu, na cheti nilicho nacho ni cha saluni tu. Nifanye nini?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nikaona jambo ambalo huenda wewe mwenyewe hukuliona ulipokuwa unaandika. Umetaja maumivu matatu, kisha ukataja njia tatu, lakini hukuyaunganisha. Umeyaweka maumivu kama sababu ya kuondoka, basi. Mimi nayaona kama ramani. Kila moja kati ya hayo matatu linafunga mlango fulani na kuacha mwingine wazi, na ukichagua kazi mpya kabla ya kujua nini hasa kinakuumiza, unaweza kuhama na ugonjwa wako ukaufungulia duka upya mahali pengine. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni daktari, na nitakueleza cha kumwambia.

Bega kwanza. Msusi hushinda kiwiko kikiwa juu, mara nyingi juu ya usawa wa bega, akiwa ameshika kitu kizito chenye moto. Kano za bega hubanwa hivyo miaka nenda rudi hadi zinavimba. Habari njema ni kwamba bega ni sehemu inayosikia matibabu ya mazoezi. Mtaalamu wa viungo akuone, na wakati huohuo mshushe mteja: kiti kikishuka, kiwiko chako kinashuka nacho. Nimewaona wenzangu walioongeza miaka kadhaa ya kazi kwa kubadilisha urefu wa kiti na kununua draya nyepesi. Bega peke yake si lazima likutoe saluni.

Ganzi ni habari nyingine. Usiku wa leo vidole vikifa ganzi, angalia ni vipi. Ikiwa ni kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na ukikung'uta mkono unapata nafuu, mwambie daktari hivyohivyo, kwa maneno hayo. Huo ndio mpangilio wa neva inayopita kwenye kifundo cha mkono inapobanwa. Ikiwahiwa, mara nyingi huanza kutibiwa kwa gango la kushikilia kifundo kikiwa kimenyooka usiku. Ikicheleweshwa sana, msuli wa chini ya kidole gumba huanza kunywea, na nguvu ya kubana ikishapotea hairudi kirahisi. Ninakusisitizia hili kwa sababu njia mojawapo inayosifiwa sana kwa wasusi wazoefu ni kutengeneza wigi kwa mkono, nywele moja moja zikifungwa kwenye lesi kwa kindoano. Ni kazi nzuri ya kukaa chini, ila vidole vinabana kitu kidogo maelfu ya mara kwa siku. Kwa mkono wenye ganzi ni kutoka kwenye jua na kuingia kwenye moto.

Sasa ngozi, ambayo nahisi ndiyo unayoichukulia kwa wepesi kuliko zote, na mimi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mikono ya msusi huharibika kwa namna mbili zinazofanana kwa macho. Ya kwanza ni maji na shampuu: ngozi inayolowa siku nzima hupoteza mafuta yake, hukauka na kupasuka. Hiyo hutulizwa kwa glavu, mafuta mazito na kupunguza kuosha vichwa. Ya pili ni mzio wa kweli, na kwenye saluni mshukiwa mkuu ni parafenilendiamini, ambayo kwenye pakiti za rangi nyeusi na kahawia utaiona imeandikwa p-phenylenediamine, kwa kifupi PPD. Mwili ukishajifunza kuikataa dawa hiyo, hausahau. Utapumzika mwezi, mikono itapona, na siku utakayoigusa tena itawaka upya. Daktari wa ngozi anaweza kubaini kwa kukubandikia viraka vyenye dawa mbalimbali mgongoni, vikakaa saa 48, kisha akasoma ngozi ilivyoitikia na kuisoma tena siku moja au mbili baadaye. Nenda na orodha ya bidhaa unazotumia, au zipige picha upande wa viambato.

Muulize pia kuhusu kifua. Kama ukichanganya blichi, ile dawa ya kung'arisha nywele, unakohoa, au kifua kinabana jioni za siku za kazi na kuachia siku za mapumziko, sema. Pasulfeti zilizomo kwenye unga wa blichi zinajulikana kusababisha pumu kwa wasusi. Dawa za kunyoosha zenye fomaldehidi nazo hutoa mvuke wake zinapopigwa pasi ya moto. Na kwa kuwa tumefika hapa, ni haki ujue kwamba shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliiweka kazi ya ususi na unyozi, katika ripoti ya mwaka 2010, kwenye kundi la mambo ambayo yana uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani, hasa kwa kuangalia saratani ya kibofu cha mkojo. Sikwambii ili ulale macho. Nakwambia kwa sababu mwanamke mwenye miaka 43 anayepanga miaka 20 ijayo anastahili kuhesabu na hilo pia.

Unaona sasa kwa nini nimeanzia hapa? Jibu la daktari likiwa ni maji na shampuu tu, ualimu unakufaa vizuri. Likiwa ni mzio wa PPD, darasa la vitendo ambamo wanafunzi kumi wanachanganya rangi kwa pamoja ni mahali pabaya kuliko hapo ulipo. Rafiki aliyekushauri ukafundishe amekushauri kwa upendo, lakini hakujua hilo.

Kuna swali moja ambalo huwauliza wote wanaonijia na shauri kama lako, nami nakuomba ulijibu peke yako, bila mume wala rafiki kusikia. Kama kesho ungeamka bega zima, vidole vizima, mikono laini, ungeenda kazini kwa furaha? Ukijibu ndiyo, wewe hutaki kuacha kazi. Unataka mwili wako uache kulipa gharama yake. Ukijibu hapana, kama kuna kitu ndani kimechoka na mazungumzo yaleyale, na kusimama Jumamosi zote za watu wengine za sherehe, na kubeba siri za wateja 30 kichwani, basi hata ukipona utaondoka tu, na afadhali uondoke kwa mpango. Wapo wanaochoka nywele na wapo wanaochoka watu. Aliyechoka watu asiende kufundisha. Aliyechoka nywele asiende kuuza bidhaa za nywele.

Sasa hofu yako ya sifuri. Nikuambie ninavyoiona.

Mteja anaingia, nywele amezipaka rangi nyeusi ya pakiti nyumbani, mara tatu au nne, na anataka kahawia ya asali kwa sherehe ya wiki ijayo. Ndani ya dakika kumi wewe umeshafanya mambo mengi. Umeshika unywele mmoja uliolowa ukauvuta kidogo kuona kama unanyumbuka na kurudi au unakatika. Umepitisha vidole kutoka ncha kwenda shinani kupima ukwaru. Umeuliza kuhusu dawa aliyowahi kuweka, kwa sababu unajua kwamba dawa za kubadilisha umbo la nywele za jamii ya haidroksaidi na zile za thaioglaikoleti hazikai kichwa kimoja, na anayezichanganya huondoka na nywele mkononi. Umekata kishungi kidogo nyuma ya sikio ukakijaribu. Umegundua kwamba rangi juu ya rangi haiwezi kuangaza, kwa hiyo blichi haikwepeki, na kwamba nywele hizi hazitahimili kikao kimoja. Halafu, hili ndilo gumu kuliko yote, umemwambia mtu aliyekuja na furaha kwamba haiwezekani kwa wiki moja, ukamwonyesha kinachowezekana, na akaondoka akiwa bado anakuamini.

Hapo pana utambuzi wa tatizo, kemia, kupima hatari, makadirio ya muda na gharama, na mazungumzo magumu yaliyofanywa kwa upole. Mtu anayefanya hivyo mara nane kwa siku kwa miaka 21 hana sifuri ya kuanzia. Tatizo lako ni lingine: ujuzi huo unakaa mikononi na machoni, hujawahi kuutia maneno, na mahali popote nje ya saluni hulipwi kwa kile usichoweza kukieleza.

Kwa hiyo nunua daftari. Kwa siku 30, kila jioni andika uamuzi mmoja ulioufanya siku hiyo na sababu yake. Usiandike huduma, andika uamuzi. "Leo nimekataa kumsuka fulani kwa kubana kwa sababu mstari wa nywele mbele umeanza kurudi nyuma." "Leo nimetumia peroksaidi ya kuchanganyia rangi, ya asilimia 6 badala ya 9, kwa sababu nywele zilikuwa nyembamba." Ukimaliza siku 30 utakuwa na kurasa ambazo zinaweza kuwa mtaala wa darasa, au mifano ya kusimulia kwenye usaili wa kazi, au maandishi ya mafunzo kwa wafanyakazi. Na utakuwa umejua kitu kingine: ni maamuzi ya aina gani uliyafurahia kuyaandika. Kurasa zikijaa habari za ngozi ya kichwa na nywele zinazokatika, hiyo ni ishara. Zikijaa habari za wasichana unaowaelekeza, hiyo nayo ni ishara.

Tuje kwenye ualimu, maana ndiko nilikopita mimi na nina mengi ya kusema. Siku yangu ya kwanza darasani nilimpaka rangi kielelezo mbele ya wanafunzi, kazi safi kabisa, na nilipomaliza msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, ulijuaje kwamba muda umetosha?" Nikamjibu, "Niliona." Akaandika kwenye daftari lake: aliona. Niliumia. Miaka 17 ya kazi, na sikuwa na sentensi ya pili. Ilinibidi nirudi kusoma kile nilichokuwa nakifanya kila siku: kwamba peroksaidi inayoandikwa 10 ni asilimia 3, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, 40 ni asilimia 12, kwamba rangi ya kudumu huanza ikiwa chembe ndogo zinazopenya ndani ya unywele, kisha hukutana humo na oksijeni na kukua hadi hazitoki tena, kwamba unywele unaong'arishwa hupita wekundu, chungwa, manjano, na kila ngazi ina rangi yake ya kuituliza. Mkono ulikuwa unajua yote hayo. Mdomo ndio ulikuwa haujui.

Ualimu unawafaa wale ambao kosa la mwanafunzi linawavutia. Kuna mafundi hodari sana ambao wakiona mtu anakosea wanamnyang'anya chanuo na kumalizia wenyewe. Hao wabaki kwenye kiti, wanakitendea haki. Wewe jipime hapohapo ulipo: chukua msaidizi mmoja, mfundishe jambo moja kwa wiki mbili bila kugusa kichwa cha mteja kwa mkono wako. Mdomo tu. Ukiweza, na ukatoka pale na furaha, unacho kipaji.

Kuhusu vibali, uliza kabla ya kulipia kozi yoyote, kwa sababu nchi hazifanani hata kidogo. Marekani kila jimbo lina sheria zake, na mara nyingi mwalimu huhitaji leseni yake tofauti na ya ususi. Ujerumani mtu anayetaka kufungua saluni kwa kawaida hutakiwa awe na cheti cha fundi mkuu, kinachoitwa Meister, au awe na mtu mwenye cheti hicho. Uingereza hakuna leseni ya lazima. Kuna daftari la hiari la kuandikisha wasusi, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1964. Cheti chako kinaweza kukutosha mahali fulani na kisitoshe pengine, na wauza kozi hawatakwambia.

Na usidhani kufundisha ni tawi dogo la kazi hii. Annie Malone, mwanamke Mweusi wa Marekani, aliuza bidhaa za nywele kupitia mawakala wanawake aliowafunza mwenyewe, na mwaka 1918 akafungua chuo chake, Poro, mjini St. Louis. Mmoja wa waliowahi kuuza bidhaa zake ni Sarah Breedlove, aliyekuwa dobi, ambaye baadaye alianzisha kampuni yake na dunia ikamjua kwa jina la Madam C. J. Walker. Wote wawili walipata mali, lakini nguvu ya biashara zao ilikuwa maelfu ya wanawake waliofundishwa kutunza kichwa na kuieleza kazi hiyo kwa wengine. Miongo kadhaa baadaye Vidal Sassoon, aliyefungua saluni yake London mwaka 1954, alifuata njia hiyohiyo: mkasi ulimpa jina, shule na bidhaa zikalibeba jina hilo kwenda mbali kuliko mikono yake ingeweza.

Shauri la mume wako. Nalijibu kwa heshima, maana anaona mkewe anaumia na anatafuta pa kukutuliza. Lakini ni lazima niseme wazi kwamba saluni yako mwenyewe, ukiifungua kama wengi wanavyoifungua, itakuumiza zaidi. Wateja wako wanaifuata mikono yako. Utafungua, watakuja, watakutaka wewe, na kodi itakapobana utasimama tena kwenye kiti, sasa ukiwa na mishahara ya watu wengine mabegani juu ya bega bovu. Na msichana uliyemfundisha akishapata wateja wake ataondoka nao. Hana dhambi, nawe ulifanya hivyo ulipokuwa msichana. Saluni inakuwa jibu kwa sharti moja tu, kwamba uko tayari kuweka chanuo chini na kuwa msimamizi: kupanga zamu, kuhesabu bidhaa, kusikiliza malalamiko, kukodisha viti kwa wasusi wanaojitegemea. Kabla ya kukopa hata senti, mwombe mwenye saluni unakofanya kazi akuachie usimamizi kwa miezi mitatu. Ukiona siku za hesabu unazipenda, tutaongea.

Kuna njia ambayo hukuitaja, na nikisoma barua yako, ndiyo ninayoifikiria zaidi kwa ajili yako. Ni kazi ya watu wanaopoteza nywele.

Msusi ndiye mtu wa kwanza kuona. Utosi na kisogo mwenye kichwa havioni. Wewe unaviona kila wiki sita. Unaona duara lililong'aa ambalo mara iliyopita halikuwepo. Unaona mstari wa mbele ukirudi nyuma kwa mtu anayesukwa kwa kubanwa mwaka mzima, tatizo ambalo limeelezwa kwenye maandishi ya kitabibu tangu 1907, kwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao kwa kuzivuta sana. Unamwona mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita analia kwamba nywele zinatoka kwa mafungu, na wewe unaweza kumweleza kwamba baada ya uzazi au homa kali nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja na huanguka miezi miwili mitatu baadaye, na kwamba kwa kawaida huota tena. Unamwona anayeanza matibabu ya saratani, ambaye kwa dawa nyingi nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu, na ambaye angefurahi kama mtu angempima wigi kabla hazijatoka, akiwa bado na nywele zake za kulinganisha rangi na mkato.

Fani hii ina mafunzo yake. Taasisi ya wataalamu wa nywele na ngozi ya kichwa ya London, Institute of Trichologists, ilianzishwa 1902. Ila wajibu wa kwanza wa mtu huyu ni kujua mpaka wake. Yeye si daktari. Kuna upotevu wa nywele ambao shina hubaki hai na kuna ule ambao shina hugeuka kovu, na huo wa pili kila mwezi unaopita bila tiba ni nywele zisizorudi. Ukiona ngozi imekuwa laini na inang'aa, vitundu vya nywele havionekani tena, panauma au panachoma, unamwandikia mteja aende kwa daktari wa ngozi, wiki hiyohiyo, humuuzii mafuta. Anayejua kusema "hili si langu" ndiye ninayemwamini na kichwa cha mtu.

Kwa mwili wako, angalia kazi hii ilivyo. Muda mwingi umekaa. Unasikiliza, unauliza, unatazama kwa kioo cha kukuza, unaandika. Unapima na kupunguza wigi lililotengenezwa na mwingine. Blichi haipo, rangi ni kidogo au hakuna. Na kile ulichokifanya bure miaka 21, kumtazama mtu kwenye kioo na kumwambia ukweli kwa namna anayoweza kuubeba, hapo ndicho kinacholipwa.

Njia nyingine nazipitia kwa haraka. Filamu na jukwaa zina mvuto, na wenye ujuzi wa nywele za aina zote wanahitajika. Mwaka 2021 Mia Neal na Jamika Wilson walikuwa wanawake Weusi wa kwanza kushinda Oscar ya vipodozi na nywele. Lakini siku huanza kabla ya alfajiri, unasimama saa nyingi, na kwa kuwa sehemu za filamu hazipigwi kwa mfuatano, unapiga picha kila kichwa ili kesho kirudi vilevile hadi unywele wa mwisho. Kwa bega lako, hapana. Kuuza na kufundisha bidhaa za kampuni ni kazi nzuri kwa mwenye mdomo na miguu ya kusafiri, mradi daktari wa ngozi ameridhia. Ukaguzi wa mitihani ya vitendo ni kazi ya siku chache kwa mwaka, inaongeza kipato na heshima, haitoshi kuishi.

Na ukiamua kutoka kabisa? Inawezekana, wala umri si kikwazo unachokidhania. Kikwazo ni jinsi wasusi wanavyojiandika. Wanaandika "kusuka, kuosha, kupaka rangi", na mwajiri wa mapokezi ya zahanati au kitengo cha huduma kwa wateja hajui afanye nini na hayo. Andika ulichokifanya kwa lugha ya huko unakokwenda, kwa ukweli na kwa hesabu zako mwenyewe: wateja wangapi kwa siku, wangapi wamekaa nawe zaidi ya miaka mitano, ratiba ya watu wangapi umeipanga, bidhaa za thamani gani umeziagiza na kuzitunza, wasaidizi wangapi umewalea. Kati ya wasusi niliowaona wakitoka, waliotulia haraka ni wale walioenda kwenye kazi ambazo mtu hufika akiwa na wasiwasi na anahitaji kupokelewa: zahanati, nyumba za wazee, maduka ya miwani, ofisi za ajira. Ila usilipie kozi ya miaka mitatu kabla hujakaa siku nzima kando ya mtu anayefanya kazi hiyo, ukamwona saa tisa alasiri akiwa amechoka. Asubuhi kila kazi inapendeza.

Namna ya kuondoka ina uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Usiache siku moja. Chukua daftari la miadi la miezi mitatu iliyopita, na kwa kila huduma gawa kilichobaki baada ya kutoa bidhaa kwa saa ulizotumia. Wengi hushtuka. Ile misuko midogo midogo ya saa saba inayokupa fedha nyingi kwa mkupuo inaweza kuwa ndiyo inayokulipa kidogo kuliko zote kwa saa, na ndiyo inayokuua bega. Anza kwa kuiacha hiyo. Ukishaiacha utapata siku moja au mbili zilizo wazi kwa wiki, na kipato hakitashuka kama ulivyoogopa. Siku hizo mpe daktari, daftari na kozi. Ukifikisha akiba ya matumizi ya miezi sita na kazi mpya imeanza kuleta chochote, punguza siku nyingine. Kwa wengi safari yote huchukua mwaka mmoja hadi miwili, na mimi ilinichukua miwili kasoro.

Kuna huzuni itakayokuja na sitaki ikukute hujajiandaa. Utakapokuwa huna tena kiti chako, utakutana na watu watakaouliza unafanya kazi gani, na utasita. Wateja uliowasuka siku ya harusi na ukawasuka tena siku ya msiba hawatakuwa wanakuja Alhamisi. Mimi nililia kwenye gari wiki ya pili. Haikuwa dalili kwamba nilikosea.

Kwa ajili yao, na kwa ajili yako, waambie mwenyewe, mmoja mmoja, wakiwa kwenye kiti, miezi mitatu kabla. Usiwaache wasikie kwa wengine. Kwa kila mmoja mchagulie msusi anayemfaa, hata kama yuko saluni nyingine, na kwa ridhaa ya mteja mwandikie msusi huyo karatasi: dawa aliyowahi kuweka, rangi na vipimo vyake, mahali pa kichwa panapouma, asichopenda kuambiwa. Karatasi ya kwanza iandike kwa yule mteja wako wa zamani kuliko wote, kisha nitumie nakala bila jina lake, pamoja na majibu ya daktari wa ngozi. Nikishaona hivyo viwili nitakuambia kama ni darasani au ni kwenye nywele zinazopotea, maana sasa hivi naegemea la pili, na viraka vya mgongoni ndivyo vinavyoweza kunibadilisha.